Mstari Nyuma ya Mzee Nassoro

"Mmepanda gogo, halafu mnashangaa halichipui!" Idrisa alifoka, akaigonga meza ya ofisi ya tawi, pale Soni.

Gogo lenyewe, Mzee Nassoro, lilikuwa limeketi benchi la mbele, likinywa chai ya tangawizi kwa raha zake. Tangu ashindwe udiwani alikuwa amenenepa kidogo.

"Mia sita kumi na mbili kwa mia sita kumi na moja! Kura moja, jamani! Ndiyo malipo ya kuteua mtu anayepumzika mara tatu kabla ya kufika msikitini."

"Mgosi Idrisa, si na wewe ulisimama nyuma yake?" aliuliza Mwanamisi.

Watu wakacheka. Katika tawi lile, mgombea hupatikana kwa kupanga mstari nyuma ya unayemtaka. Idrisa naye aliutaka udiwani, lakini nani angempa mgongo mzee mbele ya watu? Alibaki peke yake kama mlingoti, mpaka aibu ikamsukuma mkiani mwa mstari wa mzee.

"Ile ilikuwa heshima," alijibu kwa dharau. "Yako ni usaliti. Aliyetushinda ni Rukia, mtoto wa dada yako. Kura ile ni yako. Weka kadi mezani, ukauze karoti zako nje ya chama!"

"Wallahi nilimpigia mzee!"

"Kadi!" sauti nyingine zikadakia.

Mwanamisi alifungua fundo la kanga. Kadi ya miaka ishirini na sita ilitoka ikiwa imeviringwa kwenye nailoni. Aliiweka mezani.

Idrisa alimgeukia mzee, shingo ikalainika. "Shikamoo, mzee. Samahani kwa lile neno la gogo. Sema na wewe: mtu kama huyu abaki?"

"Marahaba. Mlipokuja kwangu mara ya kwanza, niliwaambia nini?"

"Kwamba umechoka. Tukajua ni unyenyekevu tu."

Mzee aliiokota kadi, akamrudishia Mwanamisi. Kisha akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa yake, akaiweka palepale.

"Rukia nilimpigia mimi," alisema. "Nilidhani tungekuwa wawili, Idrisa."