Ushahidi wa Ukili

Jambo la kwanza aliloliona Mize lilikuwa dogo: bintiye Raya alisuka ukili wa mkeka bila kuimba kama alivyozoea.

Asubuhi ile Raya aliwasilisha ujuzi wake shuleni. Siku hizi mwanafunzi hutoa kichwani mwake kumbukumbu ya alivyofundishwa, mashine ikaichukua kuwa ushahidi. Ujuzi hubaki mikononi, kumbukumbu hairudi tena.

"Walimu wamenipigia makofi, mama! Kwani wewe unajua kusuka?"

"Kidogo."

"Njoo nikufundishe basi. Usione haya, nitakwenda polepole."

Mize, aliyeachia shule darasa la tatu, hakupata kujisifu maishani. Alikaa mkekani, binti akamshika vidole na kumwongoza kama mtoto.

"Raya," akasema, machozi yakimlenga, "sikuwa na kingine cha kukupa. Ni mimi niliyekufundisha."