Ukuta Uliomeza Vitambaa vya Makochi

Hii si chai ya kijiweni. Nikidanganya, meno yaliyonibakia yang'oke yote.

Siku hizi nyumba zinatulizwa na kuta zake. Kitu kikikukera macho, unaunong'oneza ukuta, nao unakimeza na haukirudishi tena. Sebule inabaki na kochi, dirisha na rangi ya mchanga.

Mke wangu, Mwanaisha, alikuwa na vitambaa vya makochi alivyofuma marehemu mama yake, vyekundu, vyenye tausi. Asubuhi moja akakuta makochi yako uchi.

"Baba Salha, vitambaa vya mama viko wapi?"

"Wallahi sijui! Nyumba hii imeharibika, mke wangu. Imetusaliti."

Akaugeukia ukuta. "Nani alikutuma?"

Ukuta ukajibu kwa sauti yangu mwenyewe, kikohozi changu kikiwemo: "Toa hayo madude mekundu. Akiuliza, nitasema umeharibika."

Nilidhani atapiga kelele. Akasema tu, "Mama alikuwa anakuita mwanangu," akaniwekea mapajani uzi mwekundu na sindano ya kufumia. "Kaa. Utavifuma vyote."

Nikajitahidi mpaka adhuhuri, nikamwonyesha tausi wa kwanza.

"Huyu ni kuku mgonjwa. Fumua."

Kisha akausogelea ukuta, akaunong'oneza jambo huku akinitazama.

"Umeuambia nini, Mama Salha?"

"Fuma, mzee."

Basi ndiyo nafuma, na hata kukohoa nakohoa taratibu.