Kiazi cha Nekesa

Mama mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya waya, ameshika kiazi kitamu, analia.

"Nekesa, njoo kwa mamako."

Mabonga alimwona kutoka kwenye lori, akaruka chini. Alikuwa ametoka Kitale hata chai hajanywa, aje bustani hii ya wanyama huku Kapseret kumchukua Nekesa, tumbili wa ndevu nyeupe, amrudishe msituni. Msitu anaoulinda umebaki na madume matupu, wanakodoleana macho tu. Asipowapelekea jike, ukoo wao unaisha huku yeye akitazama.

Jike wa mwisho alikuwa amelelewa na watu. Alipoachiliwa, alitoka msituni akamwendea mkulima shambani, amenyoosha mkono kama mtoto anayeomba mandazi. Mkulima alikuwa na panga. Mabonga ndiye aliyemzika.

Kwa hiyo Daktari Chebet, mkubwa wa bustani, alimwambia waziwazi: Nekesa akimjia mtu, hapandi lori. Atakaa ndani ya waya mpaka afe. Kimebaki kipimo kimoja tu, alisema, halafu watajua.

Na sasa huyu mama anakuja kuharibu kazi. Mabonga aliuliza ni nani. Akaambiwa ni Selpha wa Yamumbi, mfanyakazi wa hapa, aliyemlea Nekesa alipofiwa na mamake. Alimbeba mgongoni kwa leso mpaka majirani wakauliza huyo mtoto ana ndevu kumshinda babake, kulikoni. Nekesa alipoachishwa chupa, Selpha akakatazwa kukanyaga upande huu. Wenzake wakapewa kazi ya kugonga mabati na kumfukuza tumbili kila akisogea, ajifunze kuogopa watu.

"Daktari, mtoe huyo mama," Mabonga alisema.

"Mwache."

"Atatuharibia."

"Nimesema umwache." Macho ya daktari hayakubanduka kwenye mti ulio ndani ya waya.

Mabonga alishindwa kuvumilia. Akamwendea Selpha mwenyewe, akamshika bega. "Mama, nakuomba. Kama unampenda, nenda nyumbani."

"Toa mkono, baba. Sijamaliza."

Akaanza kuimba, ule wimbo wa kumbembelezea alale, sauti ikimkatika katikati. Juu ya mti Nekesa aligeuza kichwa. Akashuka tawi moja. Akashuka jingine. Mabonga alifumba macho, akaliona lile panga.

Alipofumbua, Nekesa hakuwepo kwenye tawi. Alikuwa amerudi juu kabisa, amejikunja palipo na majani mengi, ametulia kama fundo la mti, vile jamaa zake hufanya wakiogopa. Selpha aliita. Akaita tena, akarusha kiazi ndani ya waya. Kikaanguka, kikalala hapo. Hakuna jani lililotikisika.

Mabonga hakujua afurahi ama amshike huyu mama asianguke.

Selpha aliinuka polepole, magoti yakilia kuliko bawaba za lango, akapangusa kamasi kwa leso, akamgeukia daktari.

"Si nilikwambia hakuna kipimo kingine ila mimi? Sasa mpakieni upesi, kabla sijamwita tena."