Abee, Mama

Siku hizi hakuna afanyaye kazi bila kipuli cha umakini sikioni. Ukikivaa, husikii lolote nje ya kazi yako, na mtu akikuita, kipuli humwitikia kwa sauti yako mwenyewe, asije akadhani umemdharau.

Zamda alivaa chake asubuhi, akaketi sebuleni kusahihisha mitihani. Kazi ilimnyookea ajabu. Alipokivua adhuhuri na kukiweka mezani, alimkuta mama yake ameanguka mlangoni mwa bafu, mwili umeshapoa.

Jirani yao, Bi Tausi, alisikia kilio akaja mbio.

"Lakini nilimsikia akikuita, mwanangu! Zamda, Zamda, asubuhi nzima. Nilishajitanda kanga nije."

"Mbona hukuja, Bi Tausi?"

"Ningekujaje? Kila akiita, nakusikia unaitika. Nikasema, mama wa watu kajaliwa mtoto mwenye adabu."

Zamda akaulalia mwili wa mama yake, hataki kunyanyuka. Bi Tausi akamshika bega, akamwita taratibu:

"Zamda."

Kule mezani, kipuli kikaitika kwa upole:

"Abee, mama. Nakuja sasa hivi."