Mstari wa Mbegu Nyekundu

"Ufute huo mstari," mkurugenzi alisema. "Watu wanangoja mbegu."

Siwatu, mtafiti wa kituo cha mbegu, hakugusa kitu. Kwenye kompyuta, programu ilikuwa imeichorea kila aina ya mbegu ya mtama mstari wa mavuno yake, kuanzia udongo wa mlimani hadi wa bondeni. Mistari ilikwenda sambamba kama ng'ombe waendao kisimani, isipokuwa wa mbegu nyekundu, ile iliyoshinda zote kwa wastani wa mavuno. Mlimani ulipaa, bondeni ukaanguka chini ya yote.

"Kila aina tuliipanda mara moja tu kwa kila udongo," mkurugenzi alifoka. "Hatukurudia. Hiyo ni bahati mbaya, si ushahidi!"

"Programu hii imetengenezwa kwa majaribio yasiyorudiwa, mzee. Imepima, na imekataa kuwa ni bahati."

"Jaribio la mara moja!"

"Na watu wa bondeni, mzee, wao hupanda mara ngapi kwa mwaka?"

Siwatu aliinyanyua kompyuta, akaigeuzia dirishani, kwenye foleni ya wakulima waliokuwa nje. Mama mmoja wa bondeni, aliyekwisha kujitwika gunia la mbegu nyekundu, alisogea.

"Huku mwisho ndiko kwenu bondeni, mama."

Yule mama akaufuata mstari kwa kidole mpaka ulipoanguka. Kisha akalitua gunia.