Hodi Pipani

Kila alasiri, baada ya kumlisha mumewe, Shaweji, uji, Mwanahawa alimwekea kwenye runinga ile sehemu ya pipa ya mchezo wa vichekesho. Vichekesho hivyo vya zamani walivitazama pamoja tangu siku za uchumba, na hiyo ndiyo sehemu waliyoipenda kuliko zote: kijana anajificha ndani ya pipa tupu la maji, mama mkwe wake anagonga, "Hodi! Nani yumo?" Naye kwa woga anajibu, "Hakuna mtu humu!"

Tangu Shaweji apigwe na kiharusi, maneno hayo tu ndiyo yaliyobaki kinywani mwake. Aliyasema kila siku, akimtangulia mwigizaji, na Mwanahawa akacheka mpaka akajifuta macho.

Leo, mama mkwe alipoinua mkono agonge, umeme ukakatika.

Mwanahawa aliyangoja yale maneno; hayakuja. Basi akajitanda kanga, akashika kiuno kama yule mama, akagonga mkono wa kiti.

"Hodi! Nani yumo?"

Shaweji alikodolea macho kioo cheusi cha runinga.

"Wee mkwe! Nimekuja na shemeji zako wote. Utakaa humo mpaka lini?"

Mate yalimtiririka Shaweji kidevuni. Mwanahawa aliyafuta kwa pindo la kanga, akapiga magoti, akagonga tena, safari hii kifuani pa mumewe, taratibu.

"Hodi," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Najua umo, baba Nasra. Usinambie hakuna mtu. Usiniache huku nje peke yangu."