Oili ya Mkude

Unageuza uso tena, wewe uliyekaa kwenye benchi la duka la spea, kama ulivyougeuza siku injini ya pikipiki ya marehemu Kipande ilipokufa mbele yako kwa oili isiyoifaa. Mimi sijasahau. Leo tazama.

Chande ameegesha pikipiki yake kuukuu, ile inayotoa moshi wa buluu. Asubuhi mkewe, Zaituni, aligoma kuipanda. "Nani atanunua maandazi yanayonuka moshi?" Akapanda ya Mkude, jirani yao, inayong'aa kama sinia la harusi, wakaondoka wanacheka.

"Nataka oili ya kusafisha masizi," Chande anamwambia Mama Ngeni, mwenye duka.

"Chukua hii nzito, baba. Itumie wiki moja, imwage, uweke nyingine. Masizi ya miaka hutolewa kidogo kidogo. Yakibanduka kwa mkupuo yataziba njia ya oili, injini inoki, ife kabisa."

"Mkude anaweka ipi?"

"Ile nyepesi, kali. Lakini pikipiki yake mpya, haina masizi, baba!"

"Nipe hiyo hiyo. Mkude kanizidi nini mimi?"

"Kakuzidi abiria!" anadakia mtu, na benchi zima linaangua kicheko. Nawe umecheka.

Pikipiki hiyo kuukuu ndiyo inayolisha watoto wake. Chande anafungua kopo kwa meno, macho kayatupa barabarani, ambako kanga ya Zaituni inapita tena ikipepea mgongoni kwa Mkude. Kopo linainama juu ya tundu la injini. Uzi wa oili unang'aa mdomoni mwa kopo, haujadondoka bado.

Inuka kwenye benchi hilo. Mshike mkono. Sasa hivi!